Eksirei za jeti hazitoki tumboni mwa shimo jeusi, na setilaiti ya Uhuru ilirushwa hapa kwetu

Kwa Mhariri,

Salamu kutoka Malindi. Nakuandikia nikiwa na ukurasa wa gazeti lako mbele yangu, ule wa sayansi. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliukata akauleta shuleni umekunjwa ndani ya daftari la fizikia, akaniuliza mwalimu hii ni kweli? nikamwambia ngoja niisome kwanza. Nimeisoma mara tatu. Nawashukuru sana kwa kuandika habari za galaksi kwa Kiswahili, maana hilo halifanyiki mara nyingi na huyu mtoto asingekuwa na haja ya kukata karatasi kama isingekuwa lugha yake. Lakini kuna pahali mmesema shimo jeusi linatema eksirei kutoka tumboni mwake, alafu chini mkasema wanasayansi wameshajua eksirei za jeti zinatokeaje. Yote mawili si sawa. Na kuna jambo la tatu ambalo mmeliacha kabisa, linatuhusu sisi watu wa pwani hii, na hilo ndo limenikosesha usingizi kuliko yale mengine.

Tuanze na tumbo. Ndani ya shimo jeusi hakutoki kitu, si mwanga si eksirei si chochote, ndo maana likaitwa jeusi. Kinachong'aa ni vitu vilivyo nje yake, vinaelekea kuingia lakini bado havijaingia. Gesi ikivutwa haitumbukii moja kwa moja, inazunguka kwanza vile maji yanavyozunguka kwenye tundu la karo, inajipanga kama sahani pana, inasuguana yenyewe kwa yenyewe mpaka inapata moto na kutoa mwanga mkali pamoja na miali ya urujuanimno. Sasa karibu kabisa na shimo, juu ya ile sahani, kuna wingu la elektroni lenye joto linalofika kama digrii bilioni 1, wataalamu wanaliita korona yaani taji, jina tu limefanana na la ule ugonjwa. Mwanga ukitoka kwenye sahani ukapita pale unagongwa na elektroni unaongezewa nishati, unagongwa tena, na tena, mpaka unapotoka umeshakuwa eksirei. Hiyo ndo eksirei ya kawaida ya galaksi hai, yaani zile ambazo shimo jeusi la katikati yake linakula gesi, hata zile zisizo na jeti wanayo.

Alafu kuna hizi zenye jeti. Nikisema jeti sizungumzii ndege, ni mkondo wa chembe na uga sumaku unaorushwa pande mbili kwa kasi iliyo karibu na ya mwanga, umebanwa mwembamba kama maji ya mpira ukiziba mdomo kwa kidole. Katika kwasa, yaani galaksi hai ambazo kitovu chake kinang'aa kupita kiasi, zenye jeti kali ni kama moja katika kumi. Na hata hizo jeti hazianzii ndani ya shimo. Mwaka 1977 Roger Blandford na Roman Znajek walieleza namna uga sumaku unaweza kuchota nishati ya mzunguko wa shimo lenyewe, yaani shimo linazunguka, mistari ya sumaku inayolizonga inasokotwa kama kamba na ile nguvu ya kusokotwa inasukuma chembe nje. Nishati inachotwa kwenye mzunguko lakini chembe zenyewe zilikuwa nje ya mpaka muda wote. Hakuna aliyeingia akatoka. Ukiandika "tumboni" unamfundisha mtoto kinyume cha kitu cha kwanza anachotakiwa kujua kuhusu shimo jeusi.

Ilijulikana mapema pia kwamba kwasa zenye jeti zinatoa eksirei nyingi kuliko wenzao wenye mwanga uleule wa kawaida, kwa hiyo ile ziada inatoka kwenye jeti. Swali ni vipi, na hapo ndo kuna ubishi ambao gazeti lenu limesema umekwisha. Haujakwisha. Nitaufikia, lakini niruhusu kwanza niongee juu ya nyumbani.

Mimi nimezaliwa Ngomeni. Baba alikuwa mvuvi, na ile mitambo ya San Marco tulikuwa tunaiona baharini imesimama kwa miguu yake ya chuma, wakubwa wakituambia hapo ndo Waitaliano walikuwa wanarusha roketi. Tulipokuwa wadogo tulijua jina San Marco tu, hakuna aliyetuambia roketi zilibeba nini. Mi nimekuja kujua chuoni, kwenye kitabu kilichoandikwa mbali sana na hapa, nikasoma jina Uhuru katikati ya maneno ya Kiingereza nikadhani nimekosea kusoma. Kumbe tarehe 12 Desemba 1970, siku nchi yetu ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, hapohapo kwenye ghuba ya Ungwana ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kutafuta eksirei za angani. Ilikuwa ya Wamarekani, NASA, roketi yao ya Scout, jukwaa la Waitaliano, na kwa kuwa ilikuwa siku ile na kwa kushukuru ukarimu wa watu wa hapa wakaipa jina la Kiswahili. Marjorie Townsend ndo alikuwa meneja wa mradi. Riccardo Giacconi ndo aliongoza wanasayansi, na mwaka 2002 akapewa Nobeli ya fizikia kwa kazi yake ya eksirei za angani.

Na si kwamba walikuja hapa kwa ajili ya ufuo mzuri. Eksirei za angani hazifiki chini, angahewa inazimeza zote, na ni heri yetu maana tungekuwa tunapigwa nazo mchana na usiku. Kwa hiyo lazima upande juu. Kabla ya hapo walikuwa wanatumia roketi ndogo zinazopanda na kushuka, unapata dakika chache tu za kuangalia alafu chombo kinaanguka. Uhuru ilikaa juu mpaka Machi 1973. Tena hapa tuko kama digrii 3 tu kusini ya ikweta, na setilaiti ukiirusha kutoka ikweta inazunguka juu ya ikweta, haikatizi sana kwenye yale maeneo yenye chembe nyingi za mionzi zinazochafua vipimo. Unapata anga tulivu. Yaani bahari yetu ilichaguliwa kwa sababu ya kisayansi, na mtoto wa Ngomeni ana haki ya kulijua hilo.

Orodha ya mwisho ya Uhuru ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Nyingi ni nyota za galaksi yetu zinazokula wenzao lakini zimo pia galaksi hai, imo Centaurus A, imo kwasa 3C 273 ambayo mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka bilioni 2 kutufikia, na zote hizo mbili zina jeti. Kwa hiyo mkiandika habari ya eksirei za galaksi zenye jeti, ukurasa mzima, kwa Kiswahili, bila kutaja Uhuru hata mara moja, ndugu mhariri, hapo mmetuumiza.

Sasa niende kwenye ubishi. Uhuru haikuwa na uwezo wa kupiga picha, ilikuwa inajua tu kwamba upande fulani wa anga kuna eksirei. Haikuweza kusema hii inatoka kwenye kitovu na hii inatoka kwenye jeti. Kioo cha kwanza cha kupiga picha vitu kama hivyo kilipanda Novemba 1978, setilaiti ya Einstein, ikaonyesha kwamba jeti ya Centaurus A yenyewe inatoa eksirei. Alafu Julai 1999 ikapanda Chandra, ambayo macho yake ni makali kiasi kwamba ni kama kuona sarafu ya upana wa sentimita 2 ukiwa kilomita 8 kutoka nayo.

Na hapa kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote, huwa nawasimulia wanafunzi kila mwaka. Chandra ilipofika juu ilibidi kwanza wairekebishe macho, wailenge kitu ambacho ni nukta tupu ili waone kama picha iko sawa. Agosti 1999 wakachagua kwasa moja ya mbali sana, PKS 0637-752, wakiamini kwamba kwa eksirei itakuwa nukta tu. Picha ikatoka na mkia. Bila shaka mtu wa kwanza kufikiria ni kwamba kioo kina kasoro, lakini ule mkia ulikuwa umekaa palepale ambapo darubini za redio zilikuwa zimeshaona jeti. Jeti ya urefu wa zaidi ya miaka nuru 100,000 (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja), ndefu kuliko upana wa galaksi yetu, na inang'aa kwa eksirei karibu mwendo wote. Hakuna aliyetarajia. Tangu siku ile zimepatikana jeti nyingi za namna hiyo na zote zinauliza swali lilelile.

Swali lenyewe ni hili. Mwanga wa redio wa jeti unaeleweka, elektroni zinazunguka kwenye uga sumaku na kila zikipindishwa zinatoa mwanga, huo unaitwa mwanga wa sinkrotroni. Ukipima redio alafu ukapima mwanga wa kawaida unaona mng'aro unashuka, kwa hiyo ukifika kwenye eksirei ulitakiwa uwe umeshuka kabisa umebaki hafifu. Badala yake unakuta umepanda tena juu. Elektroni zilezile haziwezi kufanya hivo, lazima kuna kitu kingine.

Jibu la kwanza lilikuja haraka, mwaka 2000, na lilikuwa zuri, hata mi nililifundisha miaka mingi. Ulimwengu wote umejaa mwanga hafifu uliobaki tangu mwanzo, wenye joto la digrii kama 2.7 tu juu ya sifuri halisi. Elektroni za jeti zikiugonga ule mwanga zinaupandisha mpaka unakuwa eksirei, ni kama ile korona niliyoeleza ila hapa inafanyika mbali sana na shimo. Lakini ili hesabu ikubali lazima jeti iwe bado inakwenda karibu na kasi ya mwanga hata baada ya kusafiri miaka nuru laki na zaidi, tena iwe imetuelekea sisi. Na likawa na sharti lingine, kama ni kweli basi jeti hizohizo lazima zitoe pia miali ya gama, yenye nishati kubwa kuliko eksirei, kwa kiasi kinachojulikana, bila kubadilika. Setilaiti ya Fermi ilipopanda 2008 ikaanza kuhesabu gama. Eileen Meyer na Markos Georganopoulos wakaangalia 3C 273, gama iliyotakiwa kuwepo haikuwepo, hiyo ilitoka 2014. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya PKS 0637-752, ileile ya kwanza kabisa, nayo pia gama haikuonekana. Kwa hizo mbili lile jibu zuri limeanguka. Kuna wanaolishikilia bado kwa kwasa za mbali zaidi, na wana hoja, kwa sababu zamani ule mwanga wa mwanzo ulikuwa mzito zaidi kuliko sasa.

Jibu la pili ni kwamba kuna kundi jingine la elektroni, zenye nishati ya kutisha, mara trilioni nyingi ya ile ya mwanga tunaouona kwa macho, na eksirei ni mwanga wa sinkrotroni wa hizo. Shida yake ni kwamba elektroni ya namna hiyo inapoteza nishati haraka sana, katika miaka michache au makumi ya miaka imeshapoa, wakati jeti ni ya maelfu na malaki ya miaka nuru. Ikitoka kwenye kitovu haifiki popote. Darasani huwa natumia karabai. Baba alikuwa akienda bahari ya usiku na karabai, na kila mtoto wa mvuvi anajua ukiipiga pampu inawaka nyeupe, ukiiacha inafifia inakuwa nyekundu mpaka inazimika. Ukiona usiku karabai inawaka vizuri mbali baharini unajua kuna mtu pale anaipiga pampu, haikuwashwa ufuoni ikaachwa iende yenyewe. Na jeti ni hivohivo, ukiona eksirei mbali na kitovu maana yake palepale kuna kitu kinazipa elektroni nguvu upya.

Na ushahidi mkubwa wa hili umetoka Afrika, hilo nalo halikuandikwa. Kule Namibia, nyanda za juu za Khomas si mbali na Windhoek, kuna darubini za H.E.S.S. zinazokamata gama zenye nishati kubwa sana. Walikaa na Centaurus A zaidi ya saa 200, na mwaka 2020 wakatangaza kwamba gama zake hazitoki kwenye nukta ya katikati peke yake, zimetandaa kufuata jeti kwa maelfu ya miaka nuru. Gama kama hiyo haiwezi kutoka bila zile elektroni kali kuwa palepale kwenye jeti. Kwa hiyo kwa Centaurus A, ambayo iko karibu kwa mizani ya mambo haya, kama miaka nuru milioni 12, jibu la karabai ndo limesimama.

Galaksi ya M87 pia inasema hivohivo. Jeti yake iliandikwa tangu 1918 na Heber Curtis, ambaye aliona mstari ulionyooka akashindwa kujua ni nini, na shimo lake ndo lile la picha maarufu ya Aprili 2019 ya kile kipete cha rangi ya chungwa, uzito wa majua bilioni 6.5. Ndani ya jeti ile kuna fundo linaloitwa HST-1. Lilianza kung'aa polepole baada ya mwaka 2000 na lilipofika 2005 lilikuwa limeongezeka eksirei kama mara 50, kisha likafifia. Ni kama vile umesimama ufuoni ukaona mtu anapiga pampu kwa macho yako mwenyewe. Chandra ikaliangalia tena 2012 na 2017 ikakuta linaonekana kusogea kwa kasi ya zaidi ya mara sita ya mwanga. Naomba hili mlieleze vizuri mkiliandika maana watu watasema Einstein alikosea. Hakukosea, ni kwamba jeti imeelekea karibu na upande wetu na inakimbizana na mwanga wake yenyewe, kwa hiyo safari ya muda mrefu inatufikia kama ya muda mfupi. Kasi ya kweli iko juu ya asilimia 99 ya mwanga, haijapita.

Nilipomaliza kumueleza yule kijana haya yote akaniuliza, sasa mwalimu huko kwenye jeti nani anapiga pampu? Nikamwambia hapo ndo tulipofika. Wengine wanasema ni mawimbi ya mshtuko, mkondo wa kasi ukiugonga wa polepole mbele yake. Wengine wanasema mistari ya sumaku inakatika na kuungana upya na kuachia nguvu. Kuna setilaiti ndogo inaitwa IXPE, imepanda Desemba 2021, inapima eksirei zimejipanga kutikisika upande gani, na mwaka 2022 ilipoangalia galaksi ya Markarian 501, ambayo jeti yake imetulenga sisi, ikakuta eksirei zimejipanga kama mara mbili ya mwanga wa kawaida. Hiyo inakubaliana na mshtuko, elektroni zinapata nguvu mahali padogo penye mpangilio kisha zinasambaa zikipoa. Lakini hiyo ni karibu na kitovu, kule mbali malaki ya miaka nuru hakuna aliyethibitisha kama ni kitu hichohicho. Akaandika yote mawili kwenye daftari. Ndugu mhariri, yule mtoto hakuchoka kusikia kwamba jibu halijapatikana, alichangamka zaidi, akaniuliza mtu anasomea wapi kazi hiyo.

Kwa hiyo ninachoomba ni vitu vitatu tu na naviomba kwa heshima. Msahihishe ile ya tumboni. Msahihishe ile ya kwamba mambo yameshajulikana, muandike kuna ubishi na muwaeleze wasomaji ubishi ni upi, wataelewa, watu wanaosoma hesabu za ligi na bei za mafuta kila siku hawashindwi na hili. Na muandike habari ya Uhuru, mje Ngomeni mpige picha, majukwaa yapo na kituo cha nchi kavu bado kinafanya kazi ya mawasiliano na setilaiti. Wapo wazee waliofanya kazi pale, wengine wapagazi wengine mabaharia wa kuvusha vyombo, wanakumbuka na hawaulizwi. Kila mwaka wanapungua.

Mkija mimi niko, nitawapeleka mwenyewe kwa mashua. Gazeti lenu huku linatufikia asubuhi na matatu ya Mombasa, nimeshamwambia yule kijana aanze kuangalia ukurasa wa barua.

Wako,
Mwalimu wa fizikia, Malindi
(Jina na namba ya simu mnazo)